Filamu Nyeusi na Nyeupe ya Namba 120: Uchaguzi Wake na Istilahi Zake

Miongoni mwa fani ambazo watu wengi hudhani zimekwisha kufa, upigaji picha kwa filamu umo. Ukweli ni kwamba haujafa. Filamu nyeusi na nyeupe zingali zikitengenezwa na Ilford huko Mobberley, Uingereza, na Kodak huko Rochester, Marekani, na Foma huko Hradec Králové katika Jamhuri ya Ucheki, mbali na watengenezaji wengine wadogo. Vyuo vya sanaa huzitumia kufundishia, na watunza kumbukumbu huzithamini kwa sababu negativu ya fedha iliyotunzwa vizuri husomeka kwa macho tu, bila ya mashine yoyote. Kila mkanda huja na maelekezo yake, nayo huandikwa kwa lugha za kigeni.

Mfasiri anayepewa karatasi hiyo ana wajibu mzito kuliko ukurasa wenyewe unavyoonyesha. Akikosea neno katika hadithi, msomaji hukunja uso akaendelea. Akikosea neno katika maelekezo ya filamu, mkanda mzima hutoka mweupe kama kioo au mweusi kama makaa, na harusi iliyopigwa haiwezi kufungwa upya ili ipigwe tena. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili kwa pamoja, yaani namna filamu ya aina hii inavyochaguliwa, na maneno ya Kiswahili yafaayo kuelezea uchaguzi huo. Tumeyachanganya kwa makusudi. Hakuna awezaye kuteua istilahi ya kitu asichojua kazi yake.

Tuanze na hiyo namba 120 yenyewe, maana ndiyo mtego wa kwanza. Tumepata kuona tafsiri iliyosema “filamu ya milimita 120”. Hiyo si filamu iliyokusudiwa. Namba 120 si kipimo cha urefu wala cha upana. Ni namba ya orodha tu ya Kodak; filamu yenyewe ilitoka mwaka 1901, na kampuni hiyo ilizipa filamu zake namba kwa kufuatana. Upana wa filamu hiyo ni kama sentimita 6, nayo huviringishwa pamoja na karatasi nyeusi mgongoni ambayo huikinga na nuru na kubeba namba za picha. Hali kadhalika namba 135, iliyo kwenye visanduku vya filamu ndogo, si kipimo; upana wa filamu ile ni milimita 35. Ofisa ugavi atakayeandika “milimita 120” katika hati ya kuagizia vifaa ataletewa kitu kingine kabisa, au hataletewa kitu. Yapasa tuandike “filamu ya namba 120”, na neno “namba” lisiachwe hata mara moja.

Jina la fani nzima lina matatizo yake. Wengine husema “kamera ya ukubwa wa kati”. Maneno hayo humfanya msikilizaji afikirie kamera isiyo kubwa wala ndogo, ilhali kamera nyingi za aina hii ni nzito kuliko kamera za kawaida. Kilicho cha kati ni eneo la picha juu ya filamu, si mwili wa kamera. Wengine wamependekeza “filamu pana” kwa hii ya namba 120 na “filamu nyembamba” kwa ile ya milimita 35. La kwanza ni zuri. La pili lina hatari, kwa sababu wapiga picha huita “nyembamba” negativu iliyopata nuru haba, hata ukiitazama unaona upande wa pili. Mwanafunzi akiambiwa “negativu nyembamba” hatajua kama anaelezwa upana au upungufu. Sisi twapendelea “fomati ya kati” kwa jina la fani, kwa kuwa neno fomati limekwisha kuzoeleka maofisini, na “filamu pana” na “filamu ndogo” katika maelezo ya kawaida.

Filamu pana hutoa picha za vipimo mbalimbali kwa kutegemea kamera. Zipo kamera zinazotoa picha za sentimita 6 kwa 4.5, ambazo mkanda mmoja hutoa 15 au 16. Za 6 kwa 6, mfano wa Rolleiflex na Hasselblad, hutoa 12. Za 6 kwa 7 hutoa 10. Na za 6 kwa 9 hutoa 8 tu. Uchache huu hubadili tabia ya mpiga picha. Mwenye picha 8 hapigi ovyo.

Sasa tufike kwenye hesabu iliyo kiini cha uchaguzi. Picha ya filamu ndogo ina milimita 24 kwa 36, yaani eneo la milimita mraba 864. Picha ya 6 kwa 6 kwa kweli ina kama milimita 56 kwa 56, yaani milimita mraba 3,136. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya lile la kwanza. Ukitaka kuchapa picha yenye sentimita 24 kila upande, negativu ya 6 kwa 6 hukuzwa kama mara 4.3 tu, lakini negativu ndogo, ambayo upande wake mfupi ni milimita 24, hukuzwa mara 10. Kila kasoro iliyomo katika filamu hukuzwa pamoja na picha. Kwa hiyo kasoro ambayo ingechukiza katika filamu ndogo huenda isionekane kabisa katika filamu pana.

Kasoro inayozungumzwa zaidi ni ile ambayo tafsiri nyingi huiita “punje” mahali pamoja na “chembe” mahali pengine, bila ya mpango. Hapa panahitaji maneno mawili, kwa sababu vitu ni viwili. Utando wa filamu ni jelatini iliyotawanyiwa fuwele ndogo mno za chumvi za fedha. Nuru ikizigusa, kisha dawa ikazifanyia kazi, hugeuka kuwa fedha nyeusi. Vipande hivyo twaviita chembe, navyo havionekani kwa macho. Lakini picha ikikuzwa sana, mrundikano wa chembe huonekana kama mchangamchanga ulionyunyizwa juu ya uso wa mtu na juu ya anga. Mwonekano huo una jina tayari katika vinywa vya watu: ni chenga. Aliyewahi kutazama televisheni yenye mawimbi mabovu amekwisha kulitumia neno hili bila ya kufundishwa, na mama anayepepeta mchele analijua tangu zamani. Basi chembe ziwe za mkemia, na chenga ziwe za mtazamaji. Sentensi “filamu hii ina chembe kubwa, kwa hiyo picha zake zina chenga” haina utata wowote.

Chembe kubwa hunasa nuru kwa urahisi zaidi, na ndiyo sababu filamu zinazofaa mahali penye giza huwa na chenga zaidi. Uwezo huo wa kunasa nuru, kwa Kiingereza, huitwa kwa neno lile lile linalomaanisha mwendo wa gari. Wafasiri wakaandika “kasi ya filamu”. Hatuwezi kusema ni kosa kubwa, maana wasomi wengi wamelizoea, lakini lina madhara darasani. Kamera nayo ina kasi, yaani kasi ya kilango kinachofunguka na kufungika mbele ya filamu. Mwalimu akisema “ongeza kasi”, nusu ya darasa itabadili filamu na nusu itageuza kitufe cha kilango. Sisi twapendekeza “wepesi wa filamu”, kwa maana ya wepesi wa kuhisi nuru, na kinyume chake “uzito”. Filamu nyepesi huhitaji nuru kidogo. Filamu nzito huhitaji nuru nyingi. Neno kasi libaki kwa kilango peke yake.

Wepesi hupimwa kwa tarakimu za ISO. Kipimo hiki kiliunganisha vipimo viwili vya zamani, cha Marekani kilichoitwa ASA na cha Ujerumani kilichoitwa DIN. Ndiyo maana kisanduku huandikwa ISO 100/21° au ISO 400/27°. Tarakimu ya kwanza ikizidishwa mara mbili, wepesi huongezeka mara mbili. Ya pili huongezeka kwa 3 tu. Alama ya nyuzi baada ya 27 si joto. Twalisema hili kwa kuwa fundi mwenye haraka aweza kuona 27° na kudhani ameambiwa apashe dawa moto hadi nyuzi 27, na kwa bahati mbaya maji ya bomba ya pwani mara nyingi huwa na joto la kadiri hiyo hiyo! Kila wepesi au nuru inapozidi mara mbili au kupungua nusu, twasema imepanda au imeshuka daraja moja.

Sasa mtu anunue filamu ya wepesi gani? Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa fomati ya kati ni ya picha bora, basi hapana budi kutumia filamu nzito isiyo na chenga. Fikira hii ina mantiki lakini haitazami kamera. Lenzi ya kawaida ya 6 kwa 6 ni ya milimita 80, na ya filamu ndogo ni ya milimita 50. Kadiri lenzi inavyokuwa ndefu, ndivyo sehemu ya mbele na ya nyuma ya mtu inayotoka wazi inavyopungua. Ili wazee walioketi mbele na vijana waliosimama nyuma wote watoke wazi kama katika filamu ndogo, yapasa tundu la lenzi lizibwe kwa karibu madaraja mawili zaidi. Nuru iliyozibwa itatoka wapi? Ama kilango kipunguziwe kasi hadi mkono utikise picha, ama filamu iwe nyepesi kwa madaraja mawili. Kwa hivyo filamu ya ISO 400 katika kamera pana iko karibu na mahali pa ISO 100 katika kamera ndogo, na chenga zake, kwa hesabu tuliyokwisha kuiona, ni za kuvumilika kabisa. Kwa mpiga picha wa mkononi, asiye na kigoda cha miguu mitatu, jibu letu ni filamu ya ISO 400, na hatuoni haya kulisema wazi.

Katika daraja hili zipo HP5 Plus ya Ilford na Tri-X ya Kodak. Tri-X ilianza kuuzwa katika mikanda mwaka 1954, na HP5 Plus ni mrithi wa HP5 iliyotoka mwaka 1976. Zote mbili ni za namna ya zamani, zenye chembe za maumbo mchanganyiko. Mwaka 1986 Kodak ilileta T-Max, yenye chembe zilizolazwa kama vigae, ambazo sisi twaziita chembe bapa. Ilford ikafuata na Delta, nayo ni ya mkondo huo wa kisasa. Chembe bapa hupokea nuru kwa uso mpana huku zikichukua fedha kidogo, kwa hiyo chenga zake ni chache kuliko za filamu ya zamani yenye wepesi ule ule. Walakini filamu hizi hazipendi mzaha: muda na joto la dawa vikikosewa kidogo, kosa huonekana.

Hapo ndipo linapohitajika neno jingine. Filamu zinazosamehe makosa ya nuru na ya dawa huelezwa kwa neno ambalo, likichukuliwa jinsi lilivyo, huwa “latitudo”. Walimu wa jiografia wana haki ya kulalamika. Latitudo ni mistari ya ramani, na filamu haina ikweta. Kiswahili kina neno uvumilivu, na mafundi hulitumia pasipo kuambiwa: “filamu hii inavumilia”. Basi na tuandike “uvumilivu wa filamu”. HP5 Plus na Tri-X zina uvumilivu mkubwa, na kwa anayejifunza, sifa hii ni kubwa kuliko uchache wa chenga.

Filamu nzito zina mahali pake. FP4 Plus ya ISO 125, Delta 100, T-Max 100 na Fomapan 100 ni za kazi ya utulivu. Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kuweka kumbukumbu za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya Lamu. Mlango haukimbii. Kamera yaweza kuwekwa juu ya kigoda, tundu likazibwa, kilango kikafunguliwa kwa nusu sekunde, na kila ua na kila mnyororo uliochongwa ukatoka. Hapa ISO 100 au 125 ndiyo ifaayo. Pan F Plus ya ISO 50 ingetoa nakshi laini zaidi, ila ina ukali wa weusi na weupe ambao katika jua la saa sita, kati ya ukuta wa chokaa na mbao nyeusi, waweza kuleta shida.

Ukali huo wa weusi na weupe nao umetafsiriwa kwa njia nyingi. Tumeona “utofauti”, “mkinzano”, na “kontrasti”. Utofauti ni neno pana mno. Kila kitu kina utofauti. Mkinzano huleta picha ya watu wanaopingana. Wapiga picha husema picha “imekolea” au “imepauka”, na kutokana na hapo wengine wamependekeza “ukolevu”. Twalikubali kwa sharti moja: ukolevu uwe sifa ya picha nzima, jinsi weusi wake ulivyo mbali na weupe wake, wala lisitumiwe kwa giza la sehemu moja ya negativu. Kwa giza la sehemu moja litumike neno “uzito wa negativu”. Msomaji makini ataona kwamba uzito tumekwisha kuutumia kuwa kinyume cha wepesi. Ndiyo sababu twasisitiza kutaja kitu kinachohusika, uzito wa filamu au uzito wa negativu, kama vile tusemavyo kichwa cha mtu na kichwa cha habari pasipo mtu kuchanganyikiwa.

Liko jambo la rangi, na hapa tafsiri mbovu hugharimu fedha. Filamu nyingi nyeusi na nyeupe za leo ni za pankromatiki, maana yake zinahisi rangi zote zinazoonekana kwa macho. Mfasiri mmoja angeandika “filamu ya rangi zote”, na muuza duka akampa mteja filamu ya rangi. Yapasa kitenzi kisiachwe: “filamu inayohisi rangi zote”. Upande wa pili ziko za othokromatiki, zisizohisi nyekundu. Ilford Ortho Plus ni ya namna hiyo. Wepesi wake ni ISO 80 katika nuru ya mchana, lakini hushuka hadi ISO 40 chini ya balbu za kawaida, kwa kuwa nuru ya balbu hizo ina wekundu mwingi. Faida yake ni kwamba fundi aweza kuisafisha huku akiona, chini ya taa nyekundu iliyokoza. Hasara yake ni kwamba kila chenye wekundu hutoka cheusi kuliko kilivyo. Midomo huwa myeusi. Ngozi ya mtu, ya rangi yoyote, ina wekundu ndani yake, na ngozi nyeusi ikinyimwa mchango huo wa wekundu hupoteza mikunjo na mng'ao wake, na uso hubaki kama kivuli. Kwa hati za kale, ramani na maandishi Ortho ni nzuri. Kwa nyuso za watu wetu, inayohisi rangi zote ndiyo ya kuchagua, isipokuwa mpiga picha awe anajua anachokitafuta.

Na kwa kuwa tumetaja nyuso, tuseme neno juu ya kipima nuru. Chombo hiki hakijui kinachotazama. Kila kinachoonyeshwa hukichukulia kuwa cha kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe au ukuta wa chokaa, hudhani nuru ni nyingi mno na kushauri ipunguzwe. Kanzu hutoka ya kijivu, na uso wa bwana harusi hutumbukia gizani. Katika negativu, sehemu isiyopata nuru huwa haina kitu, wala hakuna dawa iwezayo kurudisha kisichokuwapo. Weupe uliozidi, kwa upande wa pili, mara nyingi waweza kuokolewa wakati wa kuchapa. Basi nuru ipimwe usoni, si kwenye kanzu. Mafundi wana kanuni kwamba nuru hupimwa kwa ajili ya giza na filamu husafishwa kwa ajili ya weupe. Ukipima usoni, kanzu itazidi, lakini filamu yenye uvumilivu itaibeba. Hii ni sababu nyingine ya kumshauri mpiga picha za harusi achukue filamu ya ISO 400 ya namna ya zamani.

Tumesema “husafishwa”. Kitenzi hiki kimepata wapinzani. Wako wanaodai kwamba kusafisha ni kuondoa uchafu, na kwamba kazi ya dawa ni kuidhihirisha picha iliyofichika, hivyo yafaa tuseme “kudhihirisha filamu”. Hoja yao ni sahihi kwa mkemia. Walakini mtu wa kawaida husema “nimepeleka picha kusafishwa”, na istilahi inayoshindana na neno lililokwisha kukaa midomoni mwa watu hushindwa. Twashauri kusafisha kubaki. Lililo la lazima ni kulitenga na hatua ya mwisho, ambapo filamu hupitishwa katika maji kuondoa mabaki ya dawa. Hatua hiyo isiitwe kusafisha wala kuosha, bali kusuuza. Tukishikilia hivyo, mfuatano mzima husomeka vizuri: filamu husafishwa kwa dawa ya kusafishia, kazi ya dawa hiyo hukomeshwa, picha hukazwa kwa dawa ya kukazia, kisha filamu husuuzwa na kuanikwa.

Joto la maji ni suala la kwetu hasa. Jedwali za watengenezaji huchukua nyuzi 20 za Selsiasi kuwa kawaida. Bomba la Dar es Salaam au la Mombasa halitoi maji ya nyuzi 20. Dawa ikiwa na joto hufanya kazi upesi, na muda ukipungua chini ya dakika 5, filamu husafika kwa mabaka. HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 muda huo hukaribia dakika 5. Dawa hiyo hiyo ikizimuliwa kwa maji ya kiasi sawa, muda huwa dakika 13 kwa nyuzi 20, na kwa nyuzi 24 hubaki kama dakika 9, ambazo ni za salama. Kwa hiyo mtu wa pwani atumie dawa iliyozimuliwa, na chombo chake akitie katika beseni la maji yenye barafu kidogo. Mfasiri naye aangalie alama. Karatasi ikiandika 1+3, maana yake ni sehemu moja ya dawa na sehemu tatu za maji, jumla nne. Akiibadili kuwa 1:3, wengine wataisoma kuwa sehemu moja katika tatu. Ni afadhali kuandika kwa maneno.

Kuna msemo wa mafundi wa Ulaya na Marekani ambao ukitafsiriwa neno kwa neno huwa “kusukuma filamu”. Maana yake ni kumwambia kipima nuru kwamba filamu ya ISO 400 ni ya 800 au 1600, kisha kufidia upungufu kwa kuisafisha muda mrefu zaidi. Filamu haisukumwi popote. Twapendekeza “kuzidisha usafishaji”, kwa sababu ndicho kinachofanyika. Tena istilahi hii ina ukweli ambao ile nyingine inauficha: usafishaji ukizidishwa, ukolevu na chenga huzidi, lakini giza lisilopata nuru halipati chochote. Delta 3200 ni mfano mzuri. Kwa kipimo cha ISO, Ilford wenyewe huihesabu kuwa na wepesi wa 1000; hiyo 3200 hupatikana kwa kuzidisha usafishaji. Kwa ngoma za usiku na mikutano ya ndani, katika filamu pana, inafaa sana.

Tusisahau XP2 Super, ambayo ni nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa dawa za filamu za rangi. Mahali ambapo duka lililobaki ni la picha za rangi tu, filamu hii ndiyo njia ya pekee. Maelekezo yake yasitafsiriwe kwa namna itakayomfanya fundi aitie katika dawa za kawaida za nyeusi na nyeupe.

Mwisho ni utunzaji. Nuru ikishagusa filamu, picha imo lakini haionekani. Twaweza kuiita “picha fiche”. Picha fiche hufifia. Katika Pan F Plus hufifia upesi kuliko nyingine, na watengenezaji hushauri isafishwe ndani ya miezi 3. Joto na unyevu huzidisha ufifiaji huo. Filamu isiyopigwa yaweza kukaa katika jokofu, ila iachwe ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo mvuke utaganda juu yake. Katika viwanja vya ndege iombwe kukaguliwa kwa mkono, hasa ile ya ISO 400 na kuendelea, kwa kuwa mashine mpya za kukagulia mizigo ya mkononi zaweza kuifunika ukungu kwa kupita mara moja tu.

Kwenye kisanduku pamepigwa chapa ya tarehe. Tafsiri nyingi husema “itumike kabla ya”, kama ilivyo kwenye maziwa ya kopo. Maneno ya asili hayasemi hivyo. Yanasema filamu iwe imekwisha kusafishwa kabla ya tarehe hiyo. Ofisa aliyepiga picha za mpaka wa shamba siku mbili kabla ya tarehe, kisha akaufungia mkanda katika droo kungojea kibali cha fedha, hakutimiza agizo lile, ijapokuwa tafsiri aliyopewa ilimwambia kwamba ametimiza. Iandikwe: “isafishwe kabla ya”.